Chanjo za paka: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Paka asiyetoka nje hahitaji chanjo. Panlukopenia, ugonjwa wa kutapika na kuhara unaoua hasa paka wachanga, husababishwa na kirusi cha jamii ya parvo kinachoweza kudumu katika mazingira kwa mwaka mzima na kuingia sebuleni kwa nyayo za viatu. Sabuni ya kawaida haikiui. Hukiua jiki, sehemu 1 kwa sehemu 32 za maji, ikiachwa kwa dakika 10 juu ya sakafu ambayo imekwisha kuoshwa, kwa maana uchafu huipunguzia nguvu. Hata hivyo, nyumba nyingi humrithisha paka mgeni bakuli na tambara la yule aliyekufa, kisha akifa naye husemwa kwamba nyumba hiyo haina bahati na paka.

Dhana: Sindano moja inatosha. Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi. Paka mchanga hupata kinga katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ya mama yake, na kinga hiyohiyo huizima chanjo akichomwa mapema. Kwa kuwa haijulikani kwa macho itakwisha lini, daktari wa mifugo huanza kuchanja wiki ya 6 hadi 8, akarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka paka afikishe angalau wiki 16. Anayeishia sindano ya kwanza huenda hajamkinga paka wake kabisa.

Aliyechanjwa akipiga chafya, wengine hudai chanjo ilikuwa feki. Kumbe chanjo za mafua ya paka hupunguza makali tu, hazizuii kila maambukizi.

Dhana: Kichaa cha mbwa hakimhusu paka. Paka huambukizwa, na huambukiza binadamu kwa kung'ata. Jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo.

Dhana: Mjamzito amfukuze paka. Kinachohofiwa ni toksoplasma, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mayai yake yaliyomo kwenye kinyesi cha paka huchukua siku 1 hadi 5 kabla ya kuweza kuambukiza, hivyo sanduku la mchanga lisafishwe kila siku, na mtu mwingine. Mshikaki usioiva na mboga zisizooshwa vyema navyo huweza kuwa na kimelea hicho, na vinastahili kuogopwa zaidi.