Black Rod: mjumbe wa mfalme anayefungiwa mlango bungeni

Black Rod, kwa Kiswahili Fimbo Nyeusi, ni cheo cha ofisa anayemwakilisha mfalme wa Uingereza ndani ya Bunge la nchi hiyo, pale Westminster, London. Jina limetokana na anachokibeba: fimbo ya mti mweusi yenye simba wa dhahabu kichwani. Cheo ni cha karne ya 14. Mwanzoni mwenye fimbo alikuwa bawabu wa Garter, jumuiya ya heshima iliyoanzishwa na Mfalme Edward III, na baadaye akawa bawabu wa Bunge la Malodi, lile ambalo wajumbe wake hawapigiwi kura na wananchi.

Wengi humjua kwa siku moja tu, siku ya ufunguzi rasmi wa Bunge. Mfalme anaketi kwenye kiti chake cha enzi katika ukumbi wa Malodi. Wabunge waliochaguliwa, ambao Kiswahili kimezoea kuwaita Makabwela, wako katika ukumbi wao upande wa pili wa jengo. Mfalme hawafuati huko. Anamtuma Fimbo Nyeusi akawaite, naye anavuka jengo zima kwa mwendo wa taratibu, akiwa na fimbo yake. Akiukaribia mlango wa Makabwela, unafungwa kwa kishindo mbele ya uso wake. Anagonga mara tatu. Anachunguzwa kupitia kidirisha, kisha mlango unafunguliwa, anainama mbele ya Spika na kutoa ujumbe wake: mfalme anawaamuru wabunge wahudhurie mbele yake mara moja.

Wabunge huitikia amri hiyo, lakini bila haraka. Hutoka wawiliwawili, waziri mkuu na kiongozi wa upinzani wakiwa mbele, huku wakipiga soga kana kwamba wanakwenda kunywa chai. Kwa miaka mingi mbunge wa Bolsover, Dennis Skinner, alikuwa akimrushia mjumbe huyo maneno ya kejeli kabla ya msafara kuanza. Mwaka 1992 alisema Malkia aambiwe alipe kodi.

Mlango huo una historia yenye damu. Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme Charles I aliingia mwenyewe katika ukumbi wa Makabwela, akiwa ameacha askari wenye silaha nje, kuwakamata wabunge watano aliowatuhumu kwa uhaini: John Pym, John Hampden, Denzil Holles, Arthur Haselrig na William Strode. Walikuwa wamepata habari mapema, wakatoroka. Mfalme akakiendea kiti cha Spika, akauliza wako wapi. Spika William Lenthall akapiga magoti, kisha akamjibu kwamba mahali pale hana macho ya kuona wala ulimi wa kusema ila kama Bunge litakavyomwelekeza. Mfalme akaondoka mikono mitupu. Mwaka huohuo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, na tarehe 30 Januari 1649 Charles akakatwa kichwa. Tangu alipoondoka ukumbini siku ile, hakuna mfalme wala malkia aliyeingia humo wakati wabunge wako kwenye kikao.

Ndiyo maana ninapowasikia watu wakisema mlango ule ni maigizo ya Wazungu wasio na kazi, sikubaliani nao. Maigizo ni kweli. Lakini huyu ni mwakilishi ambaye kazi yake kubwa mbele ya umma ni kukataliwa kwanza, halafu kuruhusiwa kwa hiari ya wenye nyumba. Mfalme amekubali kwamba kuna chumba kimoja katika ufalme wake asichoweza kuingia, na kila ufunguzi anamtuma mtu akalithibitishe hilo hadharani. Wabunge nao hawasahau deni. Mmoja wa wanadhimu wa serikali huwekwa rehani katika kasri la Buckingham mpaka mfalme arudi salama. Na wakisharudi kwao baada ya kusikiliza hotuba, ambayo imeandikwa na serikali na mfalme ameisoma tu, hutanguliza muswada mwingine kabisa usiohusiana na hotuba hiyo. Muswada wenyewe haujadiliwi wala haupitishwi. Unatajwa ili ijulikane kwamba ajenda ni yao.

Siku za kawaida Fimbo Nyeusi ana kazi isiyo na shamrashamra. Anasimamia utaratibu na ruhusa za kuingia upande wa Malodi, na ofisi yake hushughulikia shughuli za kifalme katika jengo hilo. Jeneza la Malkia Elizabeth II lilipowekwa Westminster Hall Septemba 2022 ili watu watoe heshima za mwisho, aliyekuwa na dhamana hiyo ni Sarah Clarke, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho Uingereza. Alianza kazi mwaka 2018, akitokea kwenye usimamizi wa mashindano ya tenisi ya Wimbledon. Kabla yake nafasi hiyo ilizoeleka kwenda kwa wanajeshi wastaafu. Kanada ilikuwa imemteua mwanamke tangu 1997.

Tusimchanganye na Gavana Mkuu. Huyo humwakilisha mfalme katika nchi nzima, hutia saini sheria na kufungua Bunge kwa niaba yake, kama ilivyo Kanada, Australia na New Zealand. Tanganyika nayo ilikuwa na Gavana Mkuu, Richard Turnbull, kwa mwaka mmoja kati ya uhuru wa Desemba 1961 na jamhuri ya Desemba 1962, kwa kuwa Elizabeth II alikuwa bado Malkia wa nchi. Wala si yule Mpambe wa Bunge tunayemwona Dodoma akitangulia na siwa mbele ya Spika. Mpambe ana mwenzake kwa Makabwela wa London, anayebeba siwa ya huko. Fimbo Nyeusi ni wa upande wa pili.

Australia na Kanada zina Fimbo Nyeusi katika Seneti zao. Cha ajabu ni New Zealand. Nchi hiyo ilifuta bunge lake la juu, na tangu mwanzo wa 1951 ina bunge moja tu. Lakini Fimbo Nyeusi wake hakufutwa. Bunge likifunguliwa, Gavana Mkuu huketi katika ukumbi wa lile bunge lililokwisha, naye Fimbo Nyeusi hutumwa kugonga mlango wa wabunge kama kawaida.