Ufunguo unaosafiri na mwanga

Asha akitaka kumtumia Juma ujumbe wa siri, kuuficha si kazi. Ukisimbwa kwa ufunguo wa kubahatisha wenye urefu sawa na ujumbe wenyewe, unaotumika mara moja tu, hakuna atakayeufumbua. Kazi ni kumfikishia Juma ufunguo bila mtu kuunakili njiani.

Mwaka 1984 Charles Bennett wa IBM na Gilles Brassard wa Chuo Kikuu cha Montréal walipendekeza ufunguo upelekwe kwa fotoni, yaani chembe za mwanga, moja moja. Asha huipa kila fotoni mwelekeo wa mtetemo: wima au mlalo, ama mshazari wa kulia au wa kushoto; katika kila jozi, mwelekeo mmoja husimamia tarakimu 0 na mwingine 1. Juma hupokea kwa kubahatisha kichujio, mara cha wima na mlalo, mara cha mshazari. Kisha wanapigiana simu, hata ya kawaida, na kuambiana vichujio walivyotumia, si majibu waliyopata. Palipopishana vichujio wanatupa, maana kichujio kisicho sahihi hutoa jibu la kubahatisha. Panapobaki ndipo penye ufunguo.

Mdukuzi akijipenyeza katikati, hawezi kuinakili fotoni. Itabidi aipime, kisha atume nyingine badala yake. Nusu ya mara atakosea kichujio, na takriban robo ya tarakimu zilizopaswa kulingana zitatofautiana. Asha na Juma wakilinganisha sehemu yake tu wataona kasoro, watautupa ufunguo mzima, na hakuna neno la siri litakalokuwa limetumwa. Kwangu hili ndilo kubwa: wizi unajulikana kabla ya hasara.

Jaribio la kwanza, mwaka 1989, lilipitisha mwanga sentimita 32.5 tu, juu ya meza. Mwaka 2017 setilaiti ya China, Micius, iliwezesha Beijing na Vienna kuzungumza kwa video iliyolindwa kwa funguo za namna hii.

Lakini turudi kwenye meza ile. Vifaa vya umeme vilivyogeuza fotoni vilitoa mlio uliobadilika kadiri ya mwelekeo. Mwenye masikio angeusikia ufunguo bila kugusa fotoni hata moja! Na mwaka 2010 watafiti waliokuwa Trondheim, Norwe, walionyesha kwamba vipokezi vya mashine zilizokwisha ingia sokoni vinaweza kupofushwa kwa mwanga mkali, na ufunguo ukasomwa bila alama yoyote. Kwa hiyo ofisi ikiletewa mashine ya aina hii, iulize vipokezi vyake vilijaribiwaje, na Asha atajuaje kwamba anayeongea naye simuni ni Juma kweli. Hilo la pili fotoni hazilijibu; wawili hao lazima wawe na siri fupi waliyopeana mapema.