Mluzi kwenye Hedseti ya Rubani: Tafuta Njia Yake Kabla ya Kubadilisha Kifaa

Rubani alinijia akiwa na hedseti mpya mkononi, waya wake bado umefungwa nailoni ya dukani. Ilikuwa ya tatu. "Fundi, na hii nayo inapiga mluzi." Ndege yake ni ya injini moja, viti vinne. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba kama ya mbu aliyekaribia sikio, injini ikiongezwa kasi nayo inapanda, injini ikipunguzwa nayo inashuka. Karakana aliyoanzia ilikuwa imeshabadilisha altaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini, kisha ikafunga kichujio kwenye waya wa umeme. Mluzi ukabaki palepale.

Nimefanya kazi ya redio na umeme wa ndege ndogo kwa miaka mingi, na malalamiko ya namna hii ndiyo yanayokula muda na fedha za watu bure kuliko mengine yote. Sababu ni moja. Watu hukimbilia kuuliza "nani anapiga kelele?" wakati swali linalofungua kazi ni "kelele imeingilia wapi?" Injini ya ndege imejaa vitu vyenye kelele za umeme, na vingi ni vizima kabisa. Altaneta nzima ina mluzi wake. Magneto nzima, kifaa kinachotengeneza umeme wa kuwashia mafuta ndani ya injini, inarusha cheche maelfu kwa dakika. Kazi ya nyaya, athi (njia ya kurudishia umeme) na kinga (wavu wa chuma unaofunika waya) ni kuzuia kelele hizo zisifike masikioni, kwa hiyo zikifika, mara nyingi ni ukuta uliobomoka, na aliye upande wa pili wa ukuta hana kosa.

Niliketi kiti cha kushoto, injini inanguruma taratibu, nikavaa hedseti yangu ninayoijua. Mluzi upo. Nikapunguza sauti ya redio hadi mwisho: haukubadilika hata kidogo. Nikahamia kiti cha kulia: kimya. Kufikia hapo nilikuwa nimeshaachana na altaneta, redio na antena, na bisibisi bado imo mfukoni. Nikarudi kushoto, nikaishika ile plagi kubwa ya hedseti, nikaiinua kidogo kwa kidole. Mluzi ukakatika. Nikaiachia, ukarudi.

Hapa nieleze plagi hizi, maana ndipo siri ilipo. Hedseti ya ndege ndogo huwa na plagi mbili. Kubwa, ya milimita 6.35, ni ya kusikilizia. Nyembamba kidogo, kama milimita 5.2, ni ya maikrofoni na kitufe cha kuongea. Tofauti ya unene imewekwa makusudi ili mtu asizibadilishe. Soketi zake zimefungwa kwenye bati la ndege, lakini hazitakiwi kuligusa. Kati ya soketi na bati hukaa washa mbili, yaani vipete vidogo vya kutenganisha, za plastiki au faiba, moja ina bega linaloingia ndani ya tundu, nyingine bapa inakaa upande wa nati. Ni vitu vidogo kama kifungo cha shati. Kwenye ndege ile, ile yenye bega ilikuwa imepasuka, nati imelegea, na mwili wa soketi unagusa ukingo wa tundu kila plagi ikiuelemea.

Kwa nini kuguswa huko kulete mluzi? Ndege ya bati hutumia mwili wake kama waya wa kurudishia umeme. Mkondo wa altaneta, taa na pampu hupita kwenye bati, na mahali mkondo unapopita huwa na tofauti ndogo ya volti kati ya pointi moja na nyingine. Milivolti chache tu. Waya wa athi wa sauti unatakiwa kuungwa mahali pamoja, kwenye paneli ya sauti au intakomu, mfumo wa waliomo ndegeni kuongea wao kwa wao. Ukiugusisha na bati sehemu ya pili, umeufungulia mkondo wa injini njia ya kupita ndani ya waya wa sauti, na zile milivolti chache zinaingia moja kwa moja masikioni. Ikitokea kwenye soketi ya kusikilizia, kama ilivyokuwa hapa, husumbuka zaidi aliyeketi kiti hicho. Ikitokea kwenye soketi ya maikrofoni ni mbaya zaidi, kwa sababu intakomu huikuza kelele hiyo na kuwagawia wote.

Kosa moja nimeliona kwa mafundi wengi: wanapima kwa mita kati ya soketi na bati, wanaona mita inalia kuashiria umeme unapita, wanasema "imegusa." Italia hata kama washa ni nzima, kwa sababu athi ya sauti na bati hukutana kule kwenye paneli. Chomoa kwanza waya za soketi, ndipo upime. Mita ikilia na waya zikiwa pembeni, hapo ndipo una ushahidi. Tulibadilisha washa zote nne za upande ule, tukakaza nati, na nikamwomba radhi rubani kwa niaba ya wote waliomuuzia vitu asivyovihitaji.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana si kila kelele ni ya soketi.

Redio za mawasiliano ya ndege hufanya kazi kati ya megahezi 118 na 137, kwa mtindo wa AM. Maana yake, sauti hubebwa na kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi. Cheche ya umeme nayo ni kupanda na kushuka kwa nguvu, na kwa redio ya AM vitu hivi viwili vinafanana. Watu huniuliza mbona ndege hazihamii FM iliyo tulivu. Moja ya sababu ni hii: kwenye FM, wawili wakiongea pamoja, mwenye nguvu humfunika kabisa mnyonge. Kwenye AM mwongoza ndege husikia mvurugano, akajua kuna mwingine anaita. Kwa usalama, mvurugano huo ni wa thamani, na sisi mafundi tunailipa gharama yake kwa kupambana na kelele.

Vipimo vyangu vya kwanza havihitaji kifaa. Kitasa cha sauti ya redio ndicho cha kuanzia: kelele ikipungua pamoja na sauti ya redio, imeingilia kwenye redio au kabla yake, isipopungua, imeingilia baada ya redio, yaani intakomu, paneli ya sauti, nyaya au hedseti. Cha pili ni antena. Ndege ikiwa chini, chomoa kebo ya antena nyuma ya redio, fungua skwelchi, ile sehemu inayoinyamazisha redio pasipo na anayeongea, usikilize. Kelele ikitoweka, inakuja kwa njia ya hewa kupitia antena. Ikibaki, inatembea ndani ya nyaya. Kipimo hiki kimoja kinagawa ulimwengu wote wa matatizo mara mbili, na sielewi kwa nini watu hukiruka. Tahadhari tu, usibonyeze kitufe cha kuongea antena ikiwa imechomolewa. Unaweza kuiua redio.

Baada ya hapo, sikiliza kelele inafuata nini. Ikifuata kasi ya injini kwa mluzi laini, ni altaneta au njia yake ya athi. Ndani ya altaneta mna diodi zinazogeuza umeme kuwa wa mkondo mmoja. Moja ikifa, mita ya volti inaweza bado kuonyesha namba ya kuridhisha, huku umeme umejaa mawimbi. Injini ikiwa taratibu chini, zima swichi ya altaneta ukabaki na betri. Mluzi ukikatika hapohapo, unajua unatoka wapi. Kama chanzo ni diodi, badilisha. Usikifunike kwa kichujio, maana diodi zilizobaki zinabeba mzigo wa mwenzao.

Ikifuata kasi ya injini kwa tik-tik-tik ngumu, ni mfumo wa kuwasha: magneto, nyaya zake, au plagi za cheche. Rubani yeyote anaweza kufanya kipimo kizuri hapa, tena katika ukaguzi wake wa kawaida kabla ya kuruka. Anapozima magneto moja baada ya nyingine, asikilize. Tik-tik zikikatika alipozima ya kushoto, tatizo liko kushoto. Mara nyingi kinga ya waya unaotoka kwenye magneto kwenda swichi imekatika au kulegea mwishoni. Na hapa sitanii: waya huo ndio unaozima magneto. Ukikatika au ukichomolewa, magneto iko hai hata kama ufunguo umo mfukoni mwako, na kuisogeza propela kwa mkono kunaweza kuiwasha injini. Kaa mbali na propela.

Taa za kumweka zina wimbo wake: sauti inayopanda, inapanda, kisha tk, na kuanza upya. Hiyo ni kapasita ya kisanduku cha taa ikijazwa mamia ya volti na kumwagwa. Ukiona waya wake umefungwa pamoja na waya wa maikrofoni kwa tai moja ya plastiki, ushapata jibu. Zitenganishe. Simu ya mtandao wa GSM inajulikana na kila mtu, drrr-drrr, kwa sababu hurusha mawimbi kwa vipande mara 217 hivi kwa sekunde. Izime.

Kelele inayoniogopesha mimi ni ile isiyosikika vizuri. Chaja za USB, zile za kushusha volti 14 au 28 za ndege hadi 5, huwasha na kuzima umeme ndani yake mara maelfu mengi kwa sekunde, na mabaki yake hufika hadi masafa ya redio zetu. Vivyo hivyo baadhi ya taa za LED na kamera ndogo zinazofungwa karibu na antena. Wakati mwingine utasikia skwelchi inajifungua yenyewe kwa mchakacho kama wa mvua kwenye bati. Lakini mara nyingi husikii chochote: redio inakuwa kiziwi kwa wanaoita kutoka mbali, na rubani anadhani leo anga imetulia. Kipimo chake ni rahisi. Chagua kituo dhaifu, cha kurekodiwa cha hali ya hewa kikiwepo ni kizuri zaidi, fungua skwelchi, kisha chomeka na kuchomoa chaja. Kituo kikizama kila unapochomeka, chaja hiyo haifai kuwa ndegeni, iwe ya jina kubwa au dogo. Vipete vya feriti kwenye waya wake husaidia kiasi, kwa sababu feriti huzuia mawimbi ya masafa ya juu. Kwa mluzi wa altaneta hazisaidii, na huko ndiko naona zikifungwa kwa wingi.

Kuna pia kelele inayokuja ukibonyeza kitufe cha kuongea tu. Sauti yako mwenyewe inarudi imepasuka au inapiga yowe, na mwongoza ndege anakwambia hasikii maneno. Hapo mawimbi ya redio yako yanarudi ndani ya kabini na kuingia kwenye maikrofoni, ambayo ina kikuza sauti kidogo kinachoendeshwa na volti 8 hadi 16 kutoka kwenye redio. Jaribu masafa mengine: tatizo likiongezeka au kupungua kwa kila masafa, au ukishika waya wa hedseti likabadilika, nenda kwenye antena. Angalia kutu chini ya kitako chake na kiungo cha kebo kilicholegea. Ndege za faiba huugua hili zaidi, kwa kuwa hazina bati la kuitenganisha kabini na antena.

Na hedseti zinazofuta ngurumo kwa umeme? Ninazipenda, zinaokoa masikio. Ila hufuta ngurumo nzito za injini na propela zilizo nje ya sikio. Mluzi ulioingia ndani ya waya wa sauti haziugusi, na kwa kuwa zimeondoa ngurumo iliyokuwa ikiufunika, utausikia vizuri zaidi. Ndiyo maana rubani wangu aliona kila hedseti ya bei ya juu ni mbaya kuliko iliyotangulia. Alikuwa anasikia kweli, na alichosikia kilikuwa sahihi.

Ukiipeleka ndege kwa fundi, usimwandikie "redio ina kelele." Mwandikie ni kiti kipi, kelele inafuata nini, inabadilika na kitasa kipi, ipo unaposikiliza au unapoongea, na nini kilifungwa ndegeni karibuni. Rubani huyu sasa huniletea karatasi ya namna hiyo. Ya mwisho ilisomeka: "Kulia tu. Wote wanasikia. Inakata nikichomoa plagi nyembamba." Nilikwenda na washa mbili mkononi.