Je, wajua kwa nini upasuaji wa kongosho huua zaidi katika hospitali fulani kuliko nyingine?

Mwaka 2002, watafiti wakiongozwa na daktari wa upasuaji John Birkmeyer walichapisha hesabu za wagonjwa wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia zaidi wazee. Katika hospitali zilizokata kongosho chini ya mara moja kwa mwaka, walikufa 16.3 kati ya kila wagonjwa 100. Katika zile zilizofanya kazi hiyo zaidi ya mara 16 kwa mwaka, walikufa 3.8. Tofauti za umri na maradhi mengine zilikuwa zimeshazingatiwa. Upasuaji wa kusafisha mshipa mkubwa wa shingoni, uliopimwa kwa njia hiyohiyo, ulikuwa na pengo dogo mno: 1.7 kwa 1.5. Basi hospitali ndogo hazikosei kila kitu. Kongosho lina vituko vyake.

Limejibanza nyuma ya mfuko wa chakula, na upasuaji wake maarufu hubeba jina la Allen Whipple wa New York, aliyeueleza mwaka 1935, ingawa Mjerumani Walther Kausch alishaufanya mwaka 1909. Huondolewa kichwa cha kongosho, duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wa nyongo; kisha kilichobaki huungwa upya kwenye utumbo.

Ukiuliza kwa nini hospitali zinatofautiana, karibu kila mtu atakutajia mikono: daktari aliyezoea hushona vizuri, asiyezoea huharibu. Jibu hilo lina ukweli wake. Mwaka 2003 Birkmeyer huyohuyo alionesha kwamba kwa kongosho, zaidi ya nusu ya faida ya hospitali kubwa ilitokana na uzoefu wa daktari mwenyewe. Kasoro iko kwenye hitimisho linalofuata, kwamba mkono mzoefu humwepusha mgonjwa na matatizo baada ya upasuaji. Ingekuwa hivyo, hospitali zenye vifo vichache zingekuwa pia na matatizo machache. Mwaka 2009 Amir Ghaferi, Birkmeyer na Justin Dimick walichambua wagonjwa zaidi ya 84,000 wa upasuaji wa aina mbalimbali. Vifo katika kundi baya zaidi la hospitali vilikuwa 6.9%, na katika kundi bora 3.5%, karibu mara mbili. Lakini waliopata matatizo walikuwa 26.9% kwa 24.6%, yaani karibu sawa. Pengo lilikuwa kwa waliopata matatizo makubwa: upande mmoja walikufa 21.4% kati yao, upande wa pili 12.5%. Uchambuzi mwingine wa watafiti haohao, uliojumuisha upasuaji wa kongosho, ulitoa sura ileile.

Fikiria majahazi mawili. Hakuna jahazi la mbao lisilovuja. Kalafati ya kuziba mianya ya mbao iwe nzuri vipi, maji yatapenya. Kwenye la kwanza, baharia huchungulia ngama, sehemu ya chini maji yanapokusanyika, kila zamu, ndoo iko mahali pake, na akisema maji yamezidi, nahodha huamka. La pili lilitiwa kalafati na fundi hodari vilevile, ila ngama hukaguliwa asubuhi tu, ndoo imefunikwa na magunia, na baharia mdogo anaogopa kugonga mlango wa nahodha usiku. Yote mawili yamevuja. Moja linafika bandarini.

Ngama ya mgonjwa wa kongosho ni ule mrija anaoachiwa tumboni kutoa majimaji. Kongosho ni laini, nyuzi hazishiki vizuri, na maji yake kazi yake ni kuyeyusha nyama na mafuta. Yakivuja kwenye maungio huanza kula majirani, pamoja na ukuta wa ateri. Mara nyingi, saa kadhaa au hata siku kabla ya damu kumwagika kwa wingi, hutangulia damu kidogo tu kwenye mrija. Ni rahisi kuidharau. Muuguzi wa usiku lazima aione, ajue maana yake na apige simu. Daktari aagize papo hapo kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za ndani ya mwili zinazounganishwa na kompyuta. Tena awepo mtaalamu wa kupenyeza mrija mwembamba kupitia kinena na kuziba ateri inayovuja, bila kumpasua mtu mara ya pili.

Waholanzi waliijaribu hoja hii. Mwaka 2018 na 2019, vituo vyao vyote 17 vya upasuaji wa kongosho viliingizwa kwa awamu kwenye utaratibu mmoja: mgonjwa akaguliwe kila siku kwa vigezo vilivyoandikwa, vinavyosema lini apigwe CT, lini majimaji yatolewe, lini aanze antibayotiki. Mbinu ya kukata na kushona haikuguswa. Vifo ndani ya siku 90 vilishuka kutoka 5% hadi 3%.

Je, wingi wa upasuaji ndio unaookoa? Hapo ushahidi unalegea kidogo. Hospitali nzuri huvuta wagonjwa, hivyo wingi unaweza kuwa tunda la ubora badala ya mzizi wake. Wala usikimbilie hospitali inayojivunia kutopoteza mtu. Mwaka 2008 Dimick na Gilbert Welch walichunguza hospitali za Marekani ambazo kwa miaka mitatu hazikuwa na kifo hata kimoja katika upasuaji wa saratani ya kongosho. Mwaka uliofuata vifo vyake vilikuwa 11.2%, huku nyingine zikiwa na 8.7%. Ukipasua watu wawili au watatu tu kwa miaka mitatu, kupata sifuri si kazi ngumu.