Bunduki kubwa haimsimamishi nyati

Nimeulizwa tena wiki hii. Kijana anataka kuingia kwenye uwindaji wa wenyeji, anaomba ushauri wa bunduki, na kabla sijafungua mdomo keshajijibu mwenyewe: "Kaka, nikishika .458, nyati atanifanya nini?" Atakukanyaga, mdogo wangu. Atakukanyaga na .458 yako mkononi, na sisi tutakuja kuiokota haina hata mkwaruzo.

Naandika hili mara moja, ili atakayeuliza tena nimtumie kiungo niendelee na shughuli zangu.

Tuanze na kaliba, yaani unene wa risasi kwa sehemu za inchi, maana ndiyo mnayoipenda. Kwa nyati tunaanzia .375 H&H, ya Holland & Holland, watengeneza bunduki wa Uingereza. Ipo tangu 1912, kichwa cha risasi yake kwa kawaida ni greini 300, karibu gramu 19 na nusu, na kikienda kinakotakiwa, dume la kilo 700 linalala. Kichwa cha .458 ni greini 500. Sawa, ni kizito zaidi, lakini bega lako nalo linalipia. Nimewaona wanaume wenye mabega mapana wakijaribu bunduki kwenye shabaha, na kufikia risasi ya nne macho yameshafumbwa kabla triga haijavutwa. Mtu huyo akifika porini anapiga tumbo. Yaani bunduki aliyoinunua kwa kumwogopa nyati aliyejeruhiwa ndiyo imemtengenezea nyati aliyejeruhiwa.

Hapa sasa ndipo uvumilivu huniishia, kwa hiyo someni polepole. Kuua na kusimamisha ni mambo mawili. Nyati aliyepasuliwa moyo ameshakufa, ila mwenyewe hajapata habari. Damu iliyokwisha kufika kwenye ubongo bado ina hewa ya kumtosha sekunde kumi hivi. Akishika kasi anakwenda karibu kilomita 50 kwa saa, ambazo ni mita 14 kwa sekunde. Pigeni hesabu. Sekunde kumi ni zaidi ya mita 100, na wewe umesimama mita 20 kutoka kwenye kichaka alimolala. Una sekunde moja na nusu. Kuvuta bolti, kuingiza risasi nyingine na kupiga tena kunamla hata mwenye mazoezi sekunde nzima au zaidi. Kwa hiyo una risasi moja, na hiyo moja haimsimamishi papo hapo mpaka iguse ubongo au uti wa mgongo. Ikipita pembeni, iwe .375 au .470, atafika.

Kuna wanaodhani risasi nzito humpiga nyati kikumbo akaanguka chali. Jamani. Ingekuwa na uwezo wa kumwangusha mnyama wa kilo 700, wewe wa kilo 70 uliyebana kitako begani ungetupwa wapi?

Na anapokuja haji ameinamisha pembe kama mnavyochora. Huja kichwa juu, pua mbele, anakutazama. Pembe huziinamisha hatua za mwisho kabisa. Lengo basi ni puani, na iwe solidi, kichwa kigumu kisichotanuka kikigonga, siyo softi inayotanuka. Ukipandisha kidogo unagonga pale pembe zinapokutana utosini, na hapo risasi inaweza kuteleza ikaenda zake.

Lakini ukifikia kupiga pua, mambo mengi yameshaharibika huko nyuma. Kinga yenyewe ni upepo. Msoma nyayo wetu hubeba soksi ya mtoto iliyojaa majivu ya jikoni kambini, kaifunga kwenye mkanda. Kila baada ya hatua chache anaigonga kwa kidole, vumbi jeupe linatoka, anatazama linakoelekea. Likielekea waliko nyati, tunazunguka, hata kama ni saa nzima juani. Wateja huchukia kuzunguka. Shauri yao. Kundi kubwa likinusa binadamu kwa kawaida hukimbia, ila madume wazee wawili watatu waliojitenga kwenye majani marefu wakati mwingine hulala kimya mpaka uwafikie.

Ukishajeruhi, usikimbilie. Simama, sikiliza, kisha soma damu. Nyekundu ya kung'aa yenye povu ni mapafu, huyo hatafika mbali. Nyeusi nzito ni ini, au ni nyama tu. Ikiwa na vipande vya majani yaliyotafunwa na harufu ya kinyesi, ni tumbo, na siku yako imeharibika. Wakati wa kumfuata, msoma nyayo peke yake ndiye anayetazama chini. Mwenye bunduki anatazama mbele na pembeni. Nimekuta wanaume watano wameinamia tone moja la damu kama waliodondosha shilingi, wakati nyati aliyejeruhiwa ana tabia ya kuzunguka na kujibanza kando ya njia yake mwenyewe, akitazama alikotoka. Na yule anayetembea nyuma yangu na risasi chemba, kidole kwenye triga, ananitisha kuliko nyati.

Vitabu vinasema subiri nusu saa kabla ya kufuata. Mimi nasubiri, ila nikisema kweli sijashawishika sana. Wa mapafu atakuwa amekufa muda mrefu, wa tumbo nusu saa haimtoshi, na wa bega huenda tunampa nafasi ya kujikaza. Nadhani nusu saa hiyo inatusaidia sisi zaidi, mikono iache kutetemeka. Jua likizama tunarudi kesho asubuhi, mteja alalamike asilalamike.

Tembo je? Utafundishwa kwamba masikio yaliyotandazwa ni vitisho tu, na yaliyobanwa huku mkonga umekunjwa ni kweli. Mara nyingi ndivyo. Lakini nimemwona aliyeanza na masikio wazi akayabana katikati ya mbio bila hata kupunguza mwendo. Kwa hiyo sisubiri kumsoma masikio akiwa mita 30. Nakuwa nimeshaanza kuondoka akiwa mita 100.

Mengine haraka haraka. Kiboko: usisimame kati yake na maji, basi. Chui aliyejeruhiwa anahitaji somo lake peke yake. Kifutu hakimbii ukimkaribia, hulala palepale na rangi yake ya majani makavu, kwa hiyo vaa buti ndefu na usivuke gogo kabla hujatazama upande wa pili. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi. Acha jinzi nyumbani, malale bado yapo.

Na kambini: wengi huogopa giza la mwezi mchanga, mwezi ukiwa mpevu wanastarehe, na siku zinazofuata wanaendelea kustarehe. Mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake walichambua mashambulizi ya simba kwa watu wa kusini mwa Tanzania ya kati ya 1988 na 2009, wakachapisha mwaka 2011. Mashambulizi yalizidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Siku hizo mwezi huchelewa kuchomoza, kwa hiyo saa za mwanzo za usiku ni giza na watu bado wako nje, na simba naye ana njaa ya zile siku za mbalamwezi ambapo mawindo yalimwona akija. Kwangu basi, siku hizo hakuna kwenda chooni peke yako baada ya magharibi. Nyama inaning'inizwa mbali na mahema. Na mahema yanafungwa zipu mpaka chini, hata Oktoba. Anayeona joto akalale kwenye gari.