Flashi ya Kamera ya Bei Nafuu: Ipi Ununue, na Namna ya Kuipanga kwa Mkono

Anayeanza akiuliza anunue flashi gani, jibu langu halibadiliki: chukua ya kupangwa kwa mkono tu, isiyo na TTL, na pesa iliyobaki iende kwenye stendi, mwavuli na triga ya redio (kifaa cha juu ya kamera kinachoiwasha flashi bila waya). TTL ni mfumo ambao kamera hupima mwanga na kuiamulia flashi nguvu ya kutoa. Harusini, watu wanapohamahama, inasaidia kweli. Kwa mtu aliyetulia kitini itakuchanganya, maana ukibadili fremu kidogo tu nguvu nayo inabadilika, na hujui tena picha imeharibiwa na nini.

Hakikisha kichwa kinageuka juu na pembeni, nguvu inashuka hadi 1/128, inatumia betri za AA, na kipokezi cha redio kimo ndani. Godox TT600 na Yongnuo YN560 IV zina yote hayo. Triga iwe ya kampuni ileile ya flashi, kwa sababu redio zao hazielewani. Flashi kuukuu za enzi za filamu ziogope: baadhi hurudisha volti zaidi ya 200 kwenye kamera, na saketi za kamera ya dijitali zinaweza kuungua.

Usidanganywe na GN (namba ya kupimia nguvu ya flashi) iliyoandikwa kwenye boksi. TT600 imeandikiwa 60, lakini ni zumu ya kichwa ikiwa milimita 200, mwanga umebanwa kwenye eneo dogo. Ukiipanua iangaze chumba, namba hiyo inashuka sana. Hata hivyo hesabu yake ni ya kuijua: gawa GN kwa umbali wa mita, unapata f (ukubwa wa tundu la lenzi) ya kutumia kwa ISO 100 (ISO ni wepesi wa kamera kunasa mwanga). GN 32 kwa mita 2 ni f/16. Ukishusha nguvu hadi 1/4, GN inakuwa 16, nawe unatumia f/8. Mwavuli hula stopu moja hadi mbili (stopu moja ni mwanga kuongezeka maradufu au kupungua nusu), kwa hiyo fungua lenzi kiasi hicho.

Sasa mazoezi. Kamera iwe kwenye M (kupanga kwa mkono), ISO 100, shata sekunde 1/160, f/5.6, na ISO ya otomatiki izimwe. Piga ndani ya chumba bila flashi. Picha itoke karibu nyeusi. Ukiona chochote cha maana, ni mwanga wa chumba unaingilia. Kisha weka flashi na mwavuli mita moja na nusu kutoka kwa mtu, pembeni nyuzi 45, juu kidogo ya macho yake, nguvu 1/16. Uso ukiwa mweupe kupita kiasi shuka 1/32. Ukiwa giza panda 1/8. Kila hatua ni stopu moja. Kusogeza stendi nako ni nguvu: umbali ukiongezeka maradufu, mwanga unabaki robo.

Hapa ndipo wengi hukwama: shata haigusi mwanga wa flashi, kwa sababu flashi huwaka na kuzimika shata ikiwa wazi yote. Inachobadilisha ni mwanga wa mazingira. Nyuma kukiwa giza, toka 1/160 hadi 1/40; ukuta utapanda stopu mbili na uso utabaki ulivyo, ilimradi mtu atulie. Kinachobadili uso ni nguvu, umbali, f na ISO, na hizi mbili za mwisho hubadili na ukuta pia.

Ukiona utepe mweusi pembeni mwa picha, umepita kasi ya kusinki (shata ya haraka kabisa inayofunguka yote flashi ikiwaka), ambayo kwa kamera nyingi ni 1/200 au 1/250. Picha moja ikitoka vizuri na inayofuata ikawa giza, umepiga kabla flashi haijajaa. Betri za NiMH za kuchaji huijaza haraka kuliko alkali. Flashi ya pili inayowashwa na mwanga wa ile ya kwanza, iweke kwenye hali ya S1. S2 ni kwa ajili ya TTL, huruka mweko wa awali ambao TTL hutoa ili kupima mwanga, hivyo kwenye mpangilio huu haitawaka kwa wakati. Na kamera isiyo na kioo ikikuonyesha skrini nyeusi kabla ya kupiga, haijaharibika: zima mpangilio wa skrini unaoiga mwangaza wa picha.