Risasi kwenye maji ni nini?

Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba maji yake yana risasi, atakuuliza nani kayapiga. Lugha inatupiga chenga hapo. Risasi ni metali, na ile ya bunduki imerithi jina tu. Mvuvi wa Feri anaijua: kile kipande cha kijivu kinachozamisha mshipi, kidogo kwa umbo lakini kizito, laini kiasi cha kuchubuka kwa ukucha.

Ulaini huo ndio ulioiponza dunia. Risasi huyeyuka kwa nyuzijoto 327 tu na hukunjika kirahisi, basi Warumi wakakunja mabamba yake yakawa mabomba ya maji. Kwa Kilatini iliitwa plumbum, ndiyo maana kwenye kemia alama yake ni Pb. Na si kwamba hawakuonywa. Vitruvius, msanifu majengo wao wa karne ya kwanza KK, aliandika kuwa maji ya bomba la udongo ni salama zaidi. Alisema mtu atazame tu mafundi wa risasi walivyopauka. Marekani ilikuja kupiga marufuku kufunga mabomba mapya ya risasi mwaka 1986.

Kwa hiyo tukisema risasi kwenye maji, tunazungumzia metali iliyomumunyuka humo, na mara nyingi haikutoka mtoni. Imeokotwa njiani: kwenye bomba kuukuu, lehemu ya maungio, koki ya shaba nyeupe. Mwaka 2014 mji wa Flint, Michigan, ulihamia maji ya mto yanayokula mabomba, bila kuyatia dawa ya kuzuia ulaji huo. Risasi ikaingia majumbani.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita, ingawa lenyewe linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Anayeumia zaidi ni mtoto, tena kwenye ubongo.

Sisi tuna imani kubwa na sufuria ya kuchemshia maji. Kwa kipindupindu, sawa kabisa. Risasi haifi, kwa sababu haiko hai; maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki pale pale. Haina rangi, harufu wala ladha majini, ni maabara tu itakayokwambia. Kama una wasiwasi na koki yako, yale maji yaliyolala bombani usiku kucha usiyapikie uji. Kinga ndoo, ukadekie.